Ngozi ya Mbuzi kwenye Ngoma ya Umeme

Nikikumbuka harufu ile, huvinusa vidole vyangu tena.

Ngoma yangu ya umeme ilikuwa tayari inalia. Nilijifunza kuiunda kwa simu, chumbani kwangu Malindi: vifuniko vya ndoo za rangi, na chini ya kila kifuniko kidude chembamba cha shaba nilichokitoa kwenye kadi za pongezi zinazoimba zikifunguliwa. Ukigonga, kidude kinahisi mtikiso na spika inatoa mlio wa ngoma. Mwalimu wa kwaya ya kanisa letu la Jilore alinipa Jumapili moja tu. "Ukituaibisha, tunarudi kwenye kayamba."

Ningeiacha hivyo. Lakini mimi siwezi kuacha kitu. Plastiki ilinichukiza, ko-ko-ko chini ya fimbo, kama mtu anayebisha mlango wa choo. Nikataka ngozi. Nikaomba ya mbuzi aliyechinjwa matangani kwa jirani, nikaijaza chumvi kama wanunuzi wa ngozi, nikaiwamba juu ya vifuniko. Kwetu ngozi ya ngoma hupakwa jivu, ikaanikwa mpaka ikauke kabisa. Nilijua. Ila jivu niliona ni uchafu.

Jumamosi mvua ikanyesha. Chumvi ikavuta unyevu, na asubuhi ya Jumapili ngozi ilikuwa inatokwa na majimaji ya kijivu, nzi wamejaa. Nikaifuta, nikaipulizia marashi. Marashi juu ya mzoga! Nikaibeba hivyo hivyo kanisani.

"Kumbe leo mbuzi naye anaimba?" akauliza mama mmoja wa kwaya, leso puani.

Tulipoinama kusali kimya, ngoma ikaanza yenyewe. Du. Du-du. Maji ya chumvi yalikuwa yamefika kwenye nyaya. Mchungaji akafumbua jicho moja. Nikachomoa waya wa spika kwa vidole vinavyoteleza.

Mwalimu alinivuta nje. "Mlio nimeupenda. Uozo huu sitaki. Wimbo wa sadaka unakuja."

Nikabandua ngozi, nikakausha nyaya kwa shati langu. Mama yangu akaniletea kandambili za mpira alizovaa njiani kabla ya kuvaa viatu vya ibada. "Kata hizi, mwanangu. Usilie."

Nikazikata, nikabandika mpira juu ya vifuniko. Ngoma ikalia safi, waumini wakacheza hadi kwenye kikapu cha sadaka. Mama alirudi nyumbani peku kwenye tope, viatu vya ibada mkononi, akiimba. Mimi nilikuwa nikiona tu alama nyeusi ya kisigino chake katikati ya ngoma yangu, na kucha zangu bado zinanuka mbuzi.