Mbunifu wa kava asiyemwacha mwanakwaya nje

Saa moja na robo asubuhi, baridi ya Julai bado imekaa juu ya mashamba ya kahawa ya Mbozi. Ferista Sichalwe anafunga shuka jeupe kati ya mibuni miwili, anarudi nyuma hatua sita na kuinua kamera.

Mbele ya shuka amesimama Efraimu Nzunda, mwimbaji wa besi. Juu amevaa koti la sare, la zambarau. Chini ana gambuti zenye matope.

"Dada, huko chini usifike," Efraimu anamwomba. "Juu mimi mwanakwaya, chini bado kibarua."

"Kidevu juu, baba. Fanya kama unaimba, siyo kama umeng'atwa na siafu."

Mke wa Efraimu, aliyeshika ndoo ya kahawa mbivu, anacheka hadi punje zinamwagika.

Efraimu ni wa thelathini kupigwa picha. Kwaya ya Sauti ya Shukrani ina waimbaji thelathini na mmoja, na msimu wa mavuno hakuna siku ambayo wote wanaweza kusimama pamoja. Kwa hiyo Ferista, mwenye umri wa miaka 36, anawafuata mmoja mmoja, shambani, sokoni, hata machimboni Mkwajuni. Kisha anawaunganisha katika picha moja kwenye kompyuta yake, nyumbani kwake Mpemba, karibu na Tunduma.

Wote huwapiga picha kabla ya saa mbili na nusu, jua likiwa chini na likiwaangukia kutoka kushoto. "Kivuli kikienda upande mwingine, hata mtoto atajua huyu mtu amebandikwa," anasema.

Alianza kazi katika duka la kutoa fotokopi, akipanga kadi za harusi na ratiba za misiba. Mwaka 2016 kiongozi wa kwaya alimwomba kava la albamu kwa shilingi elfu tano. Leo ametengeneza zaidi ya kava 120, na moja hufikia elfu tisini. Wateja wengine hutoka Zambia.

Kava lile la kwanza lilimpa aibu. Safu ya nyuma ilikuwa na pengo, naye akalijaza kwa kumnakili mwimbaji mmoja, Anania, na kumweka tena upande wa pili. Nakala mia tatu zikachapwa.

"Siku ya uzinduzi watoto wakapiga kelele kanisani, 'Baba Anania wako wawili!' Nililia. Anania mwenyewe akasema basi apewe sahani mbili za pilau. Hapo nikacheka."

Tangu siku hiyo ana sharti moja: kila mtu asimame mbele ya kamera yake, alivyo leo.

Sharti hilo sasa linajaribiwa. Uzinduzi ni Jumapili na amebaki Nesta Siame, anayeanzisha wimbo wa kwanza. Nesta ameolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia, na alijifungua wiki tano zilizopita. Kabla shuka halijakunjwa, simu inaita. Ni mwenyekiti wa kwaya, Barnaba Haonga.

"Ferista, weka picha ya Nesta ya mwaka juzi."

"Mwaka juzi sare ilikuwa ya kijani, mwenyekiti."

"Si ubadilishe rangi?"

"Ya nguo nitabadilisha. Uso wake wa leo nitautoa wapi?"

Mwenyekiti anaguna. "Basi kesho saa sita mchana. Asipopatikana, tunatoka thelathini."

Nesta, akipigiwa simu, anajibu kwa haraka. "Dada, wakinitoa kwenye kava watasema nimeshahama. Nitakuja!" Wanakubaliana wakutane Tunduma, karibu na mpaka, saa mbili.

Ijumaa saa mbili inafika, Nesta hayupo. Saa mbili na nusu, hayupo. Ferista anapiga simu.

"Mbona mapema, dada? Huku ni saa moja na nusu!"

Ferista anajipiga paji la uso. Saa za Zambia ziko nyuma kwa saa moja, na mjini hapa kila miadi hufuatwa na swali, "Saa za wapi?" Yeye, mzaliwa wa Tunduma, amesahau kuuliza.

Saa tatu Nesta anafika akihema, mtoto mgongoni. Jua limepanda, kivuli cha pua kinamwangukia mdomoni. Ferista anafumba macho kwa sala fupi. Anapoyafumbua, mbele yake panapita mkokoteni uliopakiwa magodoro, ukisukumwa na kijana wa mizigo, Lucky.

"Lucky, niazime godoro moja."

"Dada, ni la mteja!"

"Silalii. Liinueni tu juu ya kichwa chake."

Wapakizi wenzake wawili wanaliinua. Wengine wawili wanashika shuka nyuma ya Nesta. "Leta mwana, mukwai," anasema muuza nyanya wa Nakonde, kwa adabu ya Kibemba, akimpokea mtoto. Godoro linainamishwa hadi jua la juu linakatika, unabaki mwanga unaotoka kushoto.

"Sasa imba kweli!" Ferista anasema.

Nesta anaanzisha wimbo. Wapakizi wanaitikia, godoro linatikisika, Lucky anawakemea watulie. Kamera inalia mara tatu.

Saa tano na dakika arobaini kava linatumwa. Mwenyekiti anaandika: "Nimehesabu. 31. Bwana asifiwe." Nesta, akiivuta picha kwa vidole kwenye simu yake, anatuma neno moja: "Nipo!"

Ferista naye ni mwimbaji wa sauti ya pili katika kanisa lake Mpemba, na kwaya yake imetoa albamu mbili. Hayumo katika kava hata moja, kwa kuwa kamera huwa mikononi mwake. Desemba wanarekodi ya tatu, na kila Jumamosi anamfundisha mdogo wake, Goodness, kupiga picha.

"Mungu akipenda, safari hii nami nitasimama mbele ya shuka," anasema. "Nimeshachagua safu ya kwanza. Mimi mfupi, nyuma sitaonekana."