Micheline na Taa ya Watu wa Yuda

Micheline alikuwa mfinyanzi wa kijiji cha Bule. Alipoingia mji wa Bunia mwaka 2003, akikimbia vita pamoja na binti yake Gracia, hakubeba chungu hata kimoja. Walipewa turubai katika kambi karibu na uwanja wa ndege. "Mikono nimekuja nayo," aliwaambia majirani, akicheka.

Kila asubuhi baada ya sala, katekista Lambert aliwafundisha watu wazima habari za nchi za Biblia. Katika kukimbia aliacha godoro, akabeba kitabu cha Kifaransa chenye picha za vitu vilivyofukuliwa huko. Siku moja aliwaonyesha kibakuli cha udongo, ukingo umebanwa upande mmoja kama mdomo.

"Hii iko taa ya watu wa Yuda, mbele ya Yesu kuzaliwa. Walitia mafuta ya zeituni. Wachimbaji wakiiona wanajua nyumba iko ya wakati gani, kwa sababu namna ya kubana mdomo ilibadilika kizazi kwa kizazi."

Micheline alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Mwalimu, huyu alibana na kidole gumba, udongo ukiwa mubichi. Alama iko hapa."

Lambert akasogeza miwani. Miaka sita alikuwa na kitabu kile, na alama hiyo hakuwahi kuiona.

"Kitabu haisemi hivyo, mama."

"Kitabu haijafinyanga."

Watu wakaangua kicheko, Lambert wa kwanza.

Siku zile mafuta ya taa yalikuwa hayaonekani Bunia, na ndani ya mahema kulikuwa giza hata mchana. Mafuta ya mawese yalipatikana. Basi Micheline na Gracia wakachota udongo kando ya mto Nyamukau, wakafinyanga taa tano, wakazichoma kwa nyasi kavu. Nne zikapasuka.

Rodrigue, fundi baiskeli wa hema la jirani, akatikisa kichwa. "Mama, wale wa Yuda walikuwa na udongo yao. Weye acha."

"Udongo haina kosa. Ni miye nilifanya haraka."

Akatwanga vigae vya zile zilizopasuka, akavichanganya na udongo mpya kama mama yake alivyomfundisha, na taa zikakauka kivulini siku sita. Safari hii zikatoka nane, zote nzima.

Akamimina mawese, akalaza utambi wa pamba mdomoni, akawasha ndani ya hema la Agathe, mkunga wa kambi. Moto ukasimama, mdogo, wa manjano. Agathe akachukua sindano, akaitia uzi mara moja, akapiga vigelegele mpaka Rodrigue akaja mbio. Alitazama weee, kisha akaomba yake.

Kuanzia hapo Lambert hakufungua ukurasa wenye chungu bila kumwita Micheline mbele. Yeye alisoma Kifaransa, Micheline akasoma udongo: hiki cha kupikia, ona masizi, hiki cha maji, ona shingo. Walibishana mara nyingi, na mara moja Lambert alishinda.

Miaka miwili baadaye, barabara ya Bule ilipotulia na Micheline akifunga mizigo arudi kwao, Lambert alimwazima kitabu.

"Lakini Kifaransa hujui, mama."

"Gracia atanisomea. Nataka kujua wale wamama walipikaka nini."