Maombi Yaliyonifutia Mtihani

Aibu hii niliapa nitazikwa nayo, lakini kwa kuwa Kasulu nzima inaijua, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia wanakwaya.

Mimi ni fundi kompyuta, mkataba wangu Kibondo ulikuwa unaisha, na kampuni moja ya Dar ilisema itanichukua nikileta cheti cha Kubernetes, ule mtambo wa kusimamia programu nyingi zilizopakiwa kwenye makontena ya kompyuta, programu moja ikifa mtambo wenyewe unawasha nyingine (mimi wa kuniwasha hakuwepo, ilikuwa cheti au jembe). Miezi mitano nilisoma kama kichaa, amri nazitamka hata nikipalilia maharage. Mtihani wenyewe unafanyika kwa mtandao, msimamizi yuko huko nje anakutazama kwa kamera, na masharti ni makali: uwe peke yako chumbani, usiongee, asiingie mtu. Nikaomba sebule ya shangazi pale Kasulu, maana kwake mtandao unashika vizuri.

Sasa kiherehere changu. Jumapili, kanisani kwa shangazi, mchungaji akauliza nani ana hitaji la maombi, nami badala ya kutulia nikasimama (nilitaka na sifa kidogo, sitawadanganya) nikataja siku, saa na nyumba. Na sisi mnatujua: ukitaja hitaji lako kanisani, akina mama hawakuombei wakiwa kwao, wanakufuata ulipo.

Siku yenyewe nimefunga mlango, nimeanza, maswali yanakubali, moyo umetulia kabisa, mara nasikia pambio linakaribia. Nikajipa moyo kwamba wanaenda kwa mgonjwa. Kumbe mgonjwa ni mimi! Wakabisha, sijibu, wakabisha tena, sijibu, shangazi akatoa ufunguo wake akafungua.

"Amahoro, mwanangu! Mbona hufungui? Tumekuja kukusindikiza."

Nikawapungia mkono watoke, wakadhani nawakaribisha. Nikaweka kidole mdomoni, wakanyamaza vizuri sana, wakanizunguka, mikono kama saba kichwani. Kwenye kioo ukatokea ujumbe wa msimamizi: hao watu ni nani? Nikafungua mdomo nimweleze shangazi, mama mchungaji akaniwahi, "Tufumbe macho," kisha akaifunika kompyuta yangu taratibu, maana wakati wa maombi hakuna kuchezea mashine. Mana yanje, Mungu wangu! Ningeinuka, lakini utamkatishaje mama mchungaji ameshafika kwenye damu ya Yesu? Waliposema Amina, mtihani ulikuwa umeshafutwa. Nikalia, nao wakashukuru kwamba Roho amenigusa.

Niliogopa kuwaambia ukweli palepale, na huo woga ndio ulionimaliza, kwa sababu Jumapili iliyofuata niliitwa mbele kutoa ushuhuda wa kufaulu, vigelegele vimeshaanza. Nikasema, "Nimefutiwa mtihani kwa sababu mliingia chumbani." Shangazi akasimama, machozi yanamlengalenga: "Tusamehe, mwanangu. Tuambie tarehe nyingine, safari hii tutaanza na mkesha."

Nafasi niliyobakiwa nayo ni moja tu, ya mwisho. Nimerudi kwenye vitabu kwa hasira, amri zote nimeanza upya toka ya kwanza, na chumba nimepata Kibondo, mlango wake una komeo kwa ndani. Siachi mpaka nikipate hicho cheti. Ila tarehe naijua mimi na Mungu, na nimemwomba sana asimwambie shangazi.