Mlio wa Boila ya Pili

Walimwita Bubu, ingawa ulimi alikuwa nao. Jina lilimganda mwaka jana, boila ya kwanza ya kiwanda cha sabuni ilipopasuka na kumuua shemeji yake, mume wa dada yake. Tangu hapo, ukimsalimia alikujibu kwa kichwa.

Kilichomziba kinywa hakuna aliyekijua. Yeye ndiye aliyekuwa mwasha moto, na siku tatu kabla ya ajali aliisikia boila ikitoa mlio mwembamba, kama mtu anayefyonza jino bovu. Alimwambia msimamizi mara moja tu.

"Wewe fundi au mganga?" msimamizi akamcheka. "Washa moto bwana!"

Akawasha. Siku ya tatu shemeji akaingia zamu akipiga miluzi.

Dada mtu alihamia kwake. Mara kwa mara alimuuliza, "Kaka, hivi mashine ile haikuonyesha dalili yoyote?" Naye aliinuka kwenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Jumapili moja alishika kalamu, akageuza fomu ya kuandikia presha ya boila, akaandika nyuma yake. Tangu shuleni alipenda mashairi, na kuhesabu mizani kwa vidole kulimtuliza. Wiki nzima aliandika na kuchana. Neno likizidi mizani alitafuta jingine, na kila alipotafuta aliukuta ukweli umekaa palepale, unamngoja. Mwishowe ubeti ukasimama:

Siku tatu ililia, sauti si ya uchoyo,
Bosi akanizuia, nikaukunja na moyo,
Shemeji akaingia, kwa miluzi yake hiyo,
Dada yangu analia, na siri mimi ninayo.

Akaukunja, akautia mfukoni. Kifua kilikuwa chepesi kidogo, lakini kumwonyesha mtu? Thubutu!

Alhamisi iliyofuata, boila ya pili ikaanza kulia. Mlio uleule. Wenzake sita walikuwa wakipanga makopo karibu nayo, wakitaniana. Bubu akafunga bomba la mafuta, moto ukazimika, akapiga kelele kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: "Tokeni! Wote tokeni!"

Msimamizi alikuja mbio. "Nani kakupa ruhusa?"

"Nilingoja ruhusa yako mwaka jana," Bubu alisema. "Tukazika."

Alasiri hiyo alimkuta dada yake akipiga pasi. Akamsomea ubeti, akiwa amesimama, kama mtoto darasani. Dada aliiacha pasi mpaka kitambaa kikaanza kunuka. Kisha akaichomoa kwenye umeme.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Mwaka mzima nakuuliza, kaka."

Siku nne hakumsemesha. Ya tano alimwekea daftari jipya mezani. "Sijakusamehe," alisema. "Ila usiache kuandika. Afadhali nikusome kuliko kukutazama ukinawa mikono."

Mafundi walikuta kwenye boila hiyo ufa mwembamba kama unywele. Wakauchomelea kiraka, na wiki ya pili moto ukawashwa tena. Bubu alikataa kuugusa, wakamhamishia getini.

Siku hizi anazungumza. Kila anayeingia zamu, Bubu humsimamisha na kumwambia alichosikia na lini. Wengine humcheka, wawili wamekwisha kuacha kazi. Anaandika, analala, hata kula anakula. Lakini upepo ukivuma kutoka upande wa kiwanda, kalamu husimama juu ya karatasi, naye hutega sikio. Jana alidhani ameusikia mlio ule. Leo asubuhi ana hakika, anagonga, na msimamizi hajafungua mlango wa ofisi yake.