Mzee Aliyenibebea Mfuko wa Gofu

Siku ya kwanza kucheza gofu mbele ya watu, baba yangu mzazi aliniita madam. Nami nikamwita mzee, kama mtu sijawahi kumwona.

Wacha niwaambie vile ilienda.

Mimi niko kampuni moja ya mbegu hapa Nakuru. Nafasi ya meneja wa mauzo ikabaki wazi, na bosi wetu, Kiplimo, akanishauri nijifunze gofu.

"Immaculate, wateja wakubwa wako uwanjani. Ofisini wanakuja tu kuweka sahihi."

Sasa, baba yangu Hezekiah alikuwa kedi miaka thelathini. Kubeba mifuko ya wachezaji ndiko kulinisomesha. Kusikia nataka kujifunza gofu, alifurahi mpaka akaweka chai chini.

"Ima, nitakufundisha mimi. Hizo nyasi nazijua."

Nikamwambia kampuni imeshanitafutia mwalimu.

Uongo. Mwalimu, Zeddy, nilimtafuta mwenyewe, uwanja wa mbali. Niliona aibu. Kazini nilikuwa nimesema baba ni mkulima, ana shamba kubwa Rongai.

Miezi mitatu nilipiga hewa. Mikono ikatoka malengelenge. Mpira unakaa tu pale, mimi nazunguka kama mlevi. Lakini polepole ukaanza kuruka.

Jumamosi ya mashindano ikafika, uwanja ule ule baba alikuwa akifanyia kazi. Baba alikuwa ameacha kazi juu ya goti kumuuma, kwa hivyo sikuwa na wasiwasi.

Nimesimama na Kiplimo na wateja wawili, namwona baba anakuja akichechemea, amevaa ovaroli ya kijani. Nikafikiria makedi ni wachache, ndio maana wameita wazee.

Alikuwa anatabasamu. Akaona uso wangu. Tabasamu likaisha.

"Habari ya asubuhi, madam. Mimi ndiye nitakubebea."

"Asante, mzee."

Basi. Hivyo ndivyo nilimkana.

Mpigo wa kwanza nilikosa mpira kabisa, wateja wakacheka. Baba akasogea karibu.

"Usiinue kichwa, madam. Mpira hautakimbia."

Nikapiga tena. Ukaenda moja kwa moja.

Kila shimo alinionyesha ardhi inainama wapi. Sijawahi kucheza vile. Wateja wakanisifu, na sifa zote nikazimeza peke yangu.

Shimo la kumi na nne goti lilimwangusha, yeye na mfuko. Mteja mmoja akakimbia kumwinua.

Mimi nilisimama tu, fimbo mkononi.

Jumatatu Kiplimo akaniita. Niliingia nikijua kazi ni yangu.

"Nafasi nimempa mwenzako Kamande," akasema.

"Lakini nilicheza vizuri, boss."

"Ulicheza vizuri sana. Hata mimi nilifundishwa gofu na Hezekiah. Barua yako ya kuomba kazi ni yeye aliniletea."

Nikavuta kiti, nikaketi. Kiplimo akaendelea.

"Jumamosi ni mimi nilimwomba aje. Nilidhani utafurahi. Nikangoja shimo la kwanza mpaka la mwisho useme huyu ni baba yangu. Hata alipoanguka."



Jioni nilienda nyumbani kwa wazazi, mtaa wa Rhonda. Mama alikuwa anamkanda baba goti na maji moto. Limefura kama kichwa cha mtoto.

Nilikuwa nimepanga kuomba msamaha. Akaniwahi.

"Kiplimo amekupa kazi?"

"Hapana, baba."

Akaangalia karai.

"Pole, Ima. Pengine ni mimi. Shimo la tisa nilikuonyesha vibaya. Macho siku hizi hayaoni poa."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Ni sawa, baba," nikasema. "Usijilaumu."

Mpaka leo anaamini ni yeye aliniharibia.

Kama kuna mtu alijinyima ndio wewe ufike mahali uko, mtaje mbele ya watu siku ya kwanza. Ukichelewa, kusema kunazidi kuwa kugumu kila siku. Najua, kwa sababu kesho naenda kumwona tena, na bado sijui nitaanzia wapi.