Unga wa Mama Dozi

Shangazi yangu anaitwa Mama Dozi, na jina hilo hakulipata kwa kuimba. Ukikohoa mbele yake unapewa kidonge. Kuku wake hata hawasubiri kukohoa: kifaranga akishatolewa kwenye boksi, kabla hajajua dunia ina rangi gani, keshanyweshwa maji ya njano.

Njano ni ya unga, dawa ya kuua vijidudu, inauzwa kwa pakiti duka la dawa za mifugo. Nyuma ya pakiti wameandika ni ya kuku wagonjwa, na ikianzwa imalizwe. Shangazi anasema maelezo huandikwa na watu wasio na kuku. Yeye humwaga kijiko na kukoroga kwa mkono. Kuku wakichangamka tu anakatisha, anafunga pakiti kwa mpira na kuiweka akiba ya siku mbaya.

"Kinga ni bora kuliko tiba, mwanangu."

"Shangazi, hiyo unayowapa ndiyo tiba yenyewe."

"Basi wamepata vyote."

Humwezi. Kwa miaka banda lake lilionewa wivu mtaa mzima. Majirani walikuja na vikombe, akawagawia unga kama mtu anayegawa chumvi.

Mvua zilipoanza, vifaranga wakaanza kusinzia. Walijikunyata pembeni, manyoya yamefumuka, uchafu mweupe umegandia mkiani. Shangazi akatia kijiko. Kesho yake viwili. Maji yakawa kama rangi ya ukuta, na vifaranga wakaendelea kufa kimyakimya. Upande wa pili wa wavu, kuku wakubwa walikuwa wazima kabisa, wanataga kama wamelipwa. Shangazi akashukuru kwa hilo. Mimi nilikuwa nikiwatazama wale wazima, na sikuwapenda.

Sasa, yai lililopasuka halipelekwi sokoni, linaliwa nyumbani. Mume wa shangazi, dereva mstaafu wa lori, aliyataka mayai hayo mabichi, yamepigwa ndani ya maziwa ya vuguvugu. Shangazi alimpigia kwa mkono wake kila asubuhi. Mapenzi yao mengine sijawahi kuyaona.

"Jogoo wa nyumba hii ni mmoja," mzee alisema akijifuta mdomo.

"Wika basi, tusikie," shangazi alimjibu.

Jogoo akaanguka. Homa, tumbo kukatika, damu chooni. Kidonge cha shangazi hakikufanya kitu. Hospitali wakamtundikia dripu, wakabadilisha dawa, homa ikabaki palepale kama mgeni asiyeaga. Midomo ikampasuka, akaanza kuongea na lori lake.

Daktari, dada mmoja mwembamba, alituita kando.

"Mama, nyumbani mnafuga kuku?"

"Umejuaje?"

Hakucheka. "Kwenye damu yake kuna kijidudu kinaitwa salmonela. Hukaa hata ndani ya kuku mzima, kikapita kwenye yai bichi. Tumekipiga kwa dawa mbili, hakikutikisika."

Shangazi akafungua mkoba, akatoa pakiti yake yenye mpira. Daktari akasoma jina, akatazama chupa ya dripu, akairudia pakiti.

"Dawa hizi ni ndugu," alisema polepole. "Kimezizoea huko bandani kwako, mama. Kimefika hapa kinazijua."

Shangazi akairudisha pakiti mkobani.

"Imebaki moja. Hatuitoi ovyo. Ikigoma na hii, kabatini sina kingine."

Chupa mpya ikatundikwa. Shangazi alikaa chini yake akisoma jina la dawa herufi kwa herufi, midomo ikicheza, kama mtu anayekariri dua. Alilisoma mpaka homa ikakubali kushuka, na mzee akafumbua macho akauliza nani kamwibia tumbo lake.

Alirudi nyumbani suruali imefungwa kwa kamba. Shangazi alimchemshia yai mpaka kiini kikawa vumbi.

"Hili yai au chokaa?"

"Tafuna."

Kisha akatoka kwenda kuwaonya majirani. Hakufika mbali. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alishamwona, anampungia mkono juu ya ua.

"Mama Dozi! Ule unga wako siku hizi hauumi. Vifaranga wangu nusura waishe."

"Ndilo lililonileta. Usiwape tena, mwenzangu."

"Mbona nilishauacha! Muuza dawa kaleta mpya, hii moto wa kuotea mbali. Shika na wewe. Miaka yote umetugawia, leo zamu yetu."

Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, kwa adabu. Akaanza kusoma, herufi kwa herufi. Midomo yake ililitambua lile jina la chupa ya hospitali kabla ya macho. Niliiona ikitangulia, ikalimalizia yenyewe.

"Umeshawapa?" shangazi aliuliza.

"Tangu juzi. Mtaa mzima tumewapa."

Ndani, mzee aliita: "Mke wangu! Likipatikana lililopasuka, nipigie na maziwa!"

Ng'ambo ya ua vifaranga wa fundi walikuwa wakinywa: wanachovya mdomo, wanainua shingo juu, wanameza, wanachovya tena.