Shabiki Aliyeupa Uwanja Kisogo

Asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, Anarkul Sadyrova anashusha kofia ya kuchomelea usoni na cheche zinaanza kuruka. Katika gereji kuukuu ya matrekta, pembeni mwa mji wa Talas, farasi watatu wa chuma wanagombea mzoga wa mbuzi.

"Farasi wamekwisha," anasema. "Wamebaki hawa wenye kelele."

Anawaonyesha mashabiki, ambao wengi wao bado ni vyuma vilivyolala sakafuni.

Anarkul, mwenye umri wa miaka 52, alizoea kuchomelea mageti. Timu ya Ak-Jol ilipotwaa mwaka jana kombe la kok-boru, mchezo wa wapanda farasi kunyang'anyana mzoga wa mbuzi, mji ulimpa kazi ya kutengeneza sanamu ya wachezaji na mashabiki wao.

"Walinicheka. 'Dada, hilo si geti la zizi!' Nikawaambia, basi njooni mlifungue."

Mwezi Machi upepo uliangusha farasi mmoja wa chuma, akamvunja Anarkul vidole viwili. Kamati ya mji inayosimamia sanamu ikapendekeza kazi ipunguzwe: wapanda farasi wabaki, mashabiki watajwe kwenye bamba tu.

"Siku ya fainali, kwenye theluji ile, nani alipiga kelele, bamba?" aliwauliza, akarudi kazini na bandeji yake.

Jambo lililomkosesha raha ni Omurbek, nahodha wa timu aliyekufa miaka minne iliyopita baada ya kuangukiwa na farasi wake. Kamati ilitaka awe mbele kabisa kwenye sanamu. Anarkul akaenda kwa mjane wake, Zeinep, kuomba ruhusa.

"Usimpandishe farasi, dada," Zeinep alimwambia huku akimmiminia chai. "Mimi napita langoni mwa uwanja kila nikienda sokoni. Kila siku nimwone anataka kuanguka?"

"Nimweke wapi, basi?"

"Sijui. Mwenyewe sikuwahi kumtazama akicheza. Nilikuwa naupa uwanja kisogo, nimekumbatia koti lake, nasikiliza tu. Watu wakishangilia, najua mzima."

Anarkul aliacha chai yake nusu, akaenda kuanza kazi. Katikati ya mashabiki wake akasimamisha mwanamke wa chuma, mgongo kwa wapanda farasi, koti kifuani.

Mwenyekiti wa kamati, Kubatbek, alipomwona alifoka. "Shabiki gani huyu? Mgeuze!"

"Mgeuze wewe, kaka. Vidole vyangu bado vinauma."

Kubatbek, aliyewahi kucheza na Omurbek, alimzunguka yule mwanamke wa chuma. Aliliangalia koti, akavua kofia yake.

"Kola ilikuwa ya manyoya," alisema taratibu. "Irekebishe."

Sanamu itasimamishwa langoni mwa uwanja vuli hii, kabla ya mechi ya kwanza. Zeinep, ambaye hajaingia uwanjani tangu msiba, ameahidi kuja.

"Nimemwambia akitaka kutazama, atazame," anasema Anarkul, akishusha tena kofia usoni. "Asipotaka, basi watasimama wawili."